Mkataba wa hali bora hospitalini: ni nini, na unamfunga nani?

Mkataba wa hali bora ni makubaliano ya maandishi kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi kuhusu mishahara, posho, saa na mazingira ya kazi. Si barua ya ajira. Barua ya ajira ni ya muuguzi mmoja na mwajiri wake. Mkataba huu unawahusu wote waliomo katika kundi linalowakilishwa na chama, hata asiye mwanachama, na unaanza kufunga pale sahihi ya mwisho inapotiwa, isipokuwa wenyewe useme vinginevyo. Msingi wake, hapa Tanzania, ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Hospitalini una uzito wa pekee kwa sababu mgomo, silaha ya wafanyakazi wengine, umefungwa. Sheria inaiweka afya pamoja na maabara zake kwenye huduma muhimu, kundi moja na maji, umeme na zimamoto. Madaktari walipogoma mwaka 2012, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru mgomo usitishwe. Kwa hiyo nguvu ya muuguzi wa Mbeya au Njombe iko kwenye idadi ya wanachama na kwenye karatasi iliyosainiwa.

Kazi inaanzia kwenye fomu ya TUF 6, ambayo mfanyakazi huijaza ili ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Kwa wengi wa sekta ya afya chama hicho ni TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Kikishapata zaidi ya nusu ya kundi husika, kinampa mwajiri taarifa ya kutaka kutambuliwa, naye ana siku 30 za kukutana nacho. Kuanzia hapo majadiliano yanapaswa kuwa ya nia njema. Mwajiri akisema fedha za bima hazijaingia (jibu hili halikosekani), chama kina haki ya kuomba taarifa zinazohitajika ili kijadiliane ipasavyo. Wakikwama, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Usuluhishi ukishindikana, kwa kuwa hii ni huduma muhimu, shauri linaamuliwa hapo kwa njia ya uamuzi.

Nyanda za Juu Kusini zina ugumu wake. Hospitali nyingi huku ni za madhehebu: Tosamaganga, Ilula, Ilembula, Ikonda. Hospitali ya dhehebu ikiwa teule, yaani iliyoteuliwa na serikali kutumika kama hospitali ya wilaya, wodi moja inaweza kuwa na muuguzi anayelipwa na serikali na mwenzake anayelipwa na kanisa. Wanapokezana zamu na kubeba machela pamoja, lakini mshahara wa wa kwanza unapangwa serikalini, na hakuna mganga mkuu anayeweza kuupandisha mezani kwake. Wa pili ndiye anayeweza kujadiliana na mwajiri aliye hapohapo, kwa hiyo mkataba wa hali bora unamgusa yeye kuliko mwenzake. Kudai usawa kwa pamoja bila kutenganisha waajiri hawa wawili ni kupoteza muda wa kikao.

Kiandikwe nini? Binafsi naona kosa kubwa ni kunakili sheria. Saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada kwa mara moja na nusu, nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku: hayo ni haki hata bila chama. Mkataba uongeze yasiyokuwepo: wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi katika zamu, posho ya kuitwa usiku ilipwe tarehe ngapi, nani anagharamia chanjo ya homa ya ini B, glavu zikiisha nani anawajibika, gari la kuwarudisha wa zamu ya jioni. Kule Makete, ambako Juni na Julai barafu huonekana kwenye nyasi alfajiri, koti zito ni sehemu ya sare na liandikwe hivyo.

Wafagizi na walinzi walioletwa na kampuni ya zabuni hawamo. Mwajiri wao ni kampuni, nao watalazimika kujadiliana nayo kivyao, ingawa wanashika taka zilezile zenye sindano. Asiyejiunga na chama naye asidhani atafaidi bure: pale panapokubaliwa ada ya uwakala, anakatwa kiasi kisichozidi ada ya mwanachama.