Je, wajua kwa nini kujifunza gari ukubwani kunatisha?

Dada yangu ana Toyota IST nyeupe, na ufunguo wake wa akiba umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni tangu mwaka jana. "Siku yoyote ukitaka, mdogo wangu, chukua ukajifunze," aliniambia siku alipoutundika. Nina miaka 27. Nimewahi kupika pilau la watu sitini msibani, nimesimama mbele ya ukumbi mzima kutetea utafiti wangu wa chuo, na usiku wa manane nimewahi kumkimbiza mtoto wa jirani hospitali kwa bajaji. Ufunguo ule nilikuwa siugusi hata kwa kufagia.

Nyumbani majibu yalikuwa mawili. Mama alisema uvivu. Mjomba, ambaye aliendesha malori ya Tunduma kwa miaka mingi, alisema woga, na neno lenyewe alilitamka kama mtu anayetema kokwa la embe. Mimi nilikuwa na jibu langu la tatu, "sijapata nafasi", ambalo hata mwenyewe sikuliamini. Nikaamua kulichimba swali hili. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, asiye na shida ya macho wala miguu, anakwepa jambo ambalo kila siku anaona watu wa kawaida kabisa wakilifanya huku wanatafuna mahindi ya kuchoma?

Jibu linaanzia kwenye mguu wa kushoto. Miaka minne iliyopita nililipa ada katika chuo kimoja cha udereva. Gari lao lilikuwa la gia za mkono, na ndani ya nusu saa nililizima mara tisa. Nilidhani nina kasoro. Kumbe tatizo liko kwenye jinsi injini ilivyo. Injini ya mafuta haiwezi kusimama kisha ikaondoka kama mtu anavyoinuka kitini. Ikishawashwa lazima iendelee kuzunguka, mara 800 hivi kwa dakika, hata gari likiwa limetulia tuli. Magurudumu nayo hayazunguki kabisa. Klachi ndiyo inayokutanisha vitu hivi viwili visivyolingana: ni sahani inayokandamizwa kwenye gurudumu zito la injini, ikianza kwa kuteleza, kisha ikishika. Ukiachia ghafla pedali yake, ile ya mguu wa kushoto, injini inaambiwa ikokote tani nzima ya chuma kwa mkupuo mmoja. Haiwezi, inazima. Ukiachia taratibu, kuna mahali pembamba ambapo gari linatetemeka kidogo na boneti inainuka kama mtu anayevuta pumzi. Hapo ndipo. Kila gari lina pake, na klachi ikilika panahama.

Sasa, mahali hapo hapaelezeki kwa maneno. Ni mguu unaopajua, kama mguu wa fundi cherehani unavyojua namna ya kuanzisha gurudumu mbele lisirudi nyuma na kukata uzi. Ujuzi wa aina hii ubongo hauuweki mahali unapoweka majina ya watu au tarehe za uhuru. Unahifadhiwa katika sehemu za ndani na za nyuma zinazoshughulika na mwendo wa mwili, na njia ya kufika huko ni kurudia, kukosea na kurudia tena. Ukishafika, mwenyewe husahau kwamba uliwahi kujifunza. Ndiyo maana madereva wazuri mara nyingi ni walimu wabovu. Mjomba aliniambia, "Achia klachi, ongeza mafuta, ondoka, basi!" Kwake hilo ni tendo moja. Kwangu yalikuwa matendo sita, na kila moja lilidai akili yangu yote.

Na akili inayofanya kazi kwa kudhamiria ni kikapu kidogo. Inabeba mambo machache kwa wakati mmoja, likiingia jingine linatoka lililokuwemo. Anayejifunza anashika usukani, anakumbuka klachi, anatafuta gia, anaangalia kioo cha pembeni, anasikiliza mwalimu, na mbele yake kuna mama mwenye ndoo kichwani anayeanza kuvuka. Kitu lazima kidondoke. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Ronald Mourant na Thomas Rockwell, walichapisha kazi yao ya kufuatilia macho ya madereva wapya na wazoefu. Wapya walikodolea eneo dogo, karibu na pua ya gari, na vioo walivitazama mara chache. Kila mwanafunzi hufanya hivyo bila kujua, akidhani anajihadhari. Lakini gari likienda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Unachokiona mita kumi mbele umeshakifikia kabla hujaamua lolote. Barabara inaonekana kukurukia, usukani unayumba, nawe unakaza mikono zaidi. Macho yakiinuka na kutazama mbali, gari hilohilo linanyooka.

Kwa hiyo kuna kulemewa, na kulemewa si woga. Ila woga nao upo, tusidanganyane. Kuna hata neno la kitaalamu kwa ule uliokithiri, amaksofobia, lililotokana na neno la Kigiriki la gari la kukokotwa. Maana yake hofu hii ilipewa jina la mkokoteni. Wengi wetu hatujafika huko. Hofu yetu ni ya kawaida, tena ina hesabu ndani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko hizo. Inajulikana pia kwamba dereva huwa hatarini zaidi katika miezi ya kwanza anapoanza kuendesha peke yake, kisha hatari inashuka kadiri anavyozoea. Anayeogopa miezi hiyo hajakosea hesabu.

Mbona basi kijana wa miaka 17 haogopi hivyo? Kwanza, sehemu ya ubongo inayopima matokeo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo yeye anaona uhuru na wewe unaona bampa. Pili, ukifika 27 umeshajua bei ya bampa. Umeshakwenda kumtazama mtu wodini, umeshachangia msiba wa ajali kwenye kundi la WhatsApp. Hofu ya mtu mzima imejengwa kwa ushahidi. Cha kufariji ni kwamba anayeanza akiwa mkubwa, kwa wastani, hupata ajali chache mwanzoni kuliko anayeanza akiwa kijana mdogo, kwa sababu hiyohiyo anayochekewa.

Lakini kilichonikimbiza mimi hakikuwa kifo, nikisema kweli. Ilikuwa honi.

Fikiria vitu ambavyo mtu mzima hujifunza. Kompyuta utajifunzia chumbani. Kuogelea utatafuta saa ambayo bwawa halina watu. Kiingereza utajisemea mbele ya kioo. Gari halina uchochoro huo. Unawekewa alama kubwa ya L mbele na nyuma, jina la chuo limeandikwa ubavuni, kisha unapelekwa kwenye kipilefti saa mbili asubuhi ukaonyeshe mji mzima usichokijua. Ukizima, nyuma yako kuna daladala lililojaa watu wanaochelewa kazini, na konda ametoa nusu ya mwili dirishani. "Dada, hilo gari linasukumwa au linaendeshwa?" Watu wanacheka, na wana haki ya kucheka, ni kichekesho kizuri. Tatizo ni kinachotokea mwilini. Moyo unaenda mbio, mikono inalowa, na kile kikapu kidogo cha akili kinajaa aibu. Nafasi ya klachi haipo tena. Unazima mara ya pili, na safari hii ni kwa sababu ya honi yenyewe. Mtoto amezoea kuonekana hajui, ndiyo kazi yake kila siku shuleni. Mtu mzima ameitumia miaka kumi kujijengea sura ya mtu anayejua, na L inaibomoa kwa asubuhi moja. Baada ya somo la nne sikurudi, na ada ikaenda hivyohivyo.

Halafu kuna jambo la tatu, ambalo wazazi wetu hawalipendi: siku hizi inawezekana kabisa kuishi bila kuendesha. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza Mei 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, na mwaka huohuo teksi za kuita kwa simu zikaingia mjini. Ongeza bodaboda na bajaji. Mtu akipiga hesabu ya mafuta, bima, matengenezo na saa zinazoteketea kwenye foleni, kutojua kuendesha kunaweza kuwa uamuzi wa mfuko tu.

Hili halikuanzia kwetu. Marekani, nchi iliyojengwa kwa kumfuata mwenye gari, mwaka 1983 vijana 46 kati ya kila 100 wa miaka 16 walikuwa na leseni. Mwaka 2014 walibaki kama 24. Hata wenye miaka 20 hadi 24 walishuka kutoka karibu asilimia 92 hadi 77. Michael Sivak na Brandon Schoettle wa Chuo Kikuu cha Michigan, waliozikusanya takwimu hizo, waliwauliza wasio na leseni wenye umri wa miaka 18 hadi 39 sababu zao. Iliyotajwa zaidi, kwa asilimia 37, ilikuwa kukosa muda. Ikafuata gharama ya kumiliki gari, kisha kwamba wapo watu wa kuwabeba. Waliotaja mazingira walikuwa asilimia 9 tu. Nikaona jibu langu la "sijapata nafasi" lina ndugu wengi ng'ambo, na nina shaka kwamba kwao pia linafunika mengine.

Wajapani wao wameliwekea jambo hili jina. Mwenye leseni asiyeendesha anaitwa dereva wa karatasi, na ni jina la kawaida kabisa. Kijana wa Tokyo ana treni za kila upande, na akitaka kusajili gari lazima kwanza athibitishe kwamba ana mahali pa kuliegesha, sheria iliyoanza mwaka 1962. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Hiyo ni mojawapo ya sababu za magari yenye hali nzuri kuuzwa nje na kufika bandarini kwetu, usukani ukiwa upande wa kulia tayari, maana wao kama sisi huendesha kushoto. Sasa sikia uhondo: dereva wa Japani asiyekuwa na kosa kwa miaka mitano hupewa leseni yenye mkanda wa dhahabu. Asiyegusa gari kabisa atapata wapi kosa? Kwa hiyo dereva wa karatasi anatembea na leseni ya dhahabu, na akiamua kuendesha kweli mara nyingi humlipa mwalimu amfundishe upya.

Nilipomsomea dada habari hii alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unaogopa nini hasa, gari au watu?" Nikamwambia watu. "Basi twende pasipo na watu."

Nikakata leseni ya kujifunzia, tukabandika L, na Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukaenda kwenye kiwanja cha mpira ambacho saa hizo wenyewe ni mbuzi. IST ya dada ni otomatiki. Mguu wa kushoto hauna kazi, na ukiachia breki gari linajisogeza lenyewe polepole kama mtu anayekwenda kuchota maji bila haraka. Wiki ya kwanza sikugusa pedali ya mafuta kabisa. Nilikuwa naachia breki, nazunguka magoli, nakanyaga, nasimama. Dada hakufundisha kitu, alikuwa anakunywa chai ya chupa na mara mojamoja anasema, "Tazama goli la kule, usitazame boneti." Mjomba angekufa kwa hasira.

Wiki ya tano tulitoka getini. Bodaboda alikuja nyuma yangu akapiga honi ndefu, mikono ikalowa kama zamani. Nikawasha indiketa, nikasogea kushoto, nikampisha. Alipopita akatazama L, akainua kidole gumba.