Hakuna aliyefariki, lakini ajali ya ndege lazima ichunguzwe

Tarehe 28 Novemba 2023, ndege aina ya Embraer 120 iliyotoka Zanzibar ikiwa na watu zaidi ya 30 ilipata hitilafu ya magurudumu ilipokuwa ikitua katika kiwanja cha Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Saa chache baadaye, ndege nyingine ya aina hiyohiyo ikapata ajali hapohapo ikiruka na abiria. Hakuna aliyefariki. Watu walimshukuru Mungu, na ni haki yao. Kwa wachunguzi, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, si lazima mtu afe ndipo tukio liitwe ajali. Ndege ikiharibika kiasi cha kupoteza uimara wake, inatosha. Lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Rubani akiliamini hilo, husema hata yale yanayomuuma.

Ajali ambayo wote wametoka hai naithamini sana kwa sababu mashahidi wapo. Ndege nyingi zinazotua hifadhini ni ndogo, kama Cessna Caravan, na zile za chini ya kilo 5,700 mara nyingi hazilazimiki kubeba kisanduku cheusi, yaani kifaa kinachorekodi mwenendo wa safari. Mchunguzi hubaki na mabaki, kumbukumbu za waliokuwamo, na alama za matairi kwenye changarawe. Ikinyesha mvua moja tu, au likipita kundi la nyumbu, alama zimekwisha.

Ukifika eneo la ajali, okoa watu kwanza; kwa ajili hiyo unaruhusiwa kusogeza chochote. Wapeleke mbali, upande unakotoka upepo, na mtu asiwashe sigara, maana mafuta huvuja. Baada ya hapo usiguse kitu. Kipande kidogo cha chuma unachokiokota uende nacho nyumbani huenda ndicho kilichovunjika kwanza. Piga picha nyingi kabla magari hayajakanyaga alama, kisha wape wachunguzi.

Nawe abiria, andika ulichokiona kabla hamjasimuliana, kwa kuwa mkishazungumza sana kila mtu huanza kukumbuka ya mwenzake. Mlio wa injini uliobadilika, harufu, mtikisiko wa upande mmoja: yaandike yote, pamoja na namba ya kiti ulichokalia.