Wakala wa ajira hakutafutii wewe kazi

Kuna imani potofu kadhaa kuhusu kutafuta kazi za teknolojia. Ya kwanza: “Wakala ananitafutia kazi.” Hapana, anamtafutia mwajiri mtu. Nilichelewa kuielewa tofauti hiyo. Kuna wakala aliyenipigia simu mara nne kwa wiki moja, akiniuliza ninaweza kuanza lini. Nikafanya mahojiano matatu, kisha kimya. Simu haikupokelewa, barua pepe hazikujibiwa, nami nikakaa miezi nikijiuliza nilikosea wapi. Huenda sikukosea popote. Mawakala wengi wa sekta ya teknolojia hulipwa na kampuni, tena pale tu mtu waliyempeleka anapoajiriwa, na malipo huwa asilimia ya mshahara wake wa mwaka wa kwanza, mara nyingi 15 hadi 25. Aliyekosa nafasi hamwingizii wakala hata shilingi. Hilo linaeleza ukimya, lakini halihalalishi. Mtu aliyeomba ruhusa kazini mara tatu na kujilipia nauli kuja kuhojiwa anastahili mstari mmoja wa kumwambia amekosa.

Na kwa kuwa mlipaji ni mwajiri, yeyote anayekudai “ada ya usajili” kabla ya kukuunganisha na kampuni, mkimbie. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba mawakala binafsi wasimtoze mtafuta kazi.

“Usipotimiza miaka ya uzoefu iliyoandikwa, usiombe.” Julai 2020, Sebastián Ramírez alieleza kwamba ameona tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa miaka minne au zaidi wa FastAPI, zana ya kuundia huduma za mtandaoni. FastAPI ameiunda yeye, na wakati huo ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu. Ikiwa kazi yenyewe unaiweza, peleka maombi.

“Aliyeshindwa mtihani wa kuandika programu ubaoni wakati wa mahojiano hajui kuandika programu.” Hii inanikera kuliko zote, maana nimeona vijana hodari wakirudi nyumbani wakiamini hawafai. Mwaka 2015 Max Howell, muundaji wa Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye kompyuta, alisimulia kwamba Google ilimkataa ingawa wahandisi wake wengi walikuwa wakitumia programu hiyo. Kosa lake, alivyosema, ni kushindwa kugeuza ubaoni “mti” wa data, yaani data iliyopangwa kwa matawi. Na yale mafumbo ya mipira mingapi ya gofu inajaa kwenye ndege? Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi Google, aliliambia New York Times mwaka 2013 kwamba ni kupoteza muda mtupu, hayatabiri lolote. Bado Nairobi mtu anapewa maswali ya aina hiyo ilhali kazi inayomngoja ni kuunganisha mfumo wa duka na M-Pesa. Mpeni kipande cha programu chenye hitilafu, kaeni naye saa moja, msikilize anavyofikiri anapoitafuta. Hapo mtamjua.

“Lazima niwe na vyeti vyote kabla ya kuomba.” Wakenya wengi bado wanahangaikia cheti cha mwenendo mwema, cha KRA (mamlaka ya kodi), cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na vinginevyo kwa ajili ya kazi ambazo hata mahojiano hawajaitwa. Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji hati hizo isipokuwa ana nia ya kuingia naye mkataba wa maandishi. Ukiambiwa uziambatanishe na barua ya maombi, uliza kwanza kama wameshaamua kukuajiri.