Marumaru zinabanduka Bagamoyo: anza na kilicho chini ya sakafu

Masika yakikolea, malalamiko yanayofika mezani kwetu idara ya ujenzi hufanana. Marumaru zimeinuka sebuleni, zinalia utupu ukizikanyaga, na chini ya kuta umetoka unga mweupe. Mwenye nyumba anamlaumu muuza duka, muuza duka anamlaumu fundi. Mara nyingi tatizo liko chini zaidi, kwenye jamvi, yaani tabaka la zege chini ya marumaru.

Marumaru si dawa ya unyevu. Tunalirudia kila mwaka, na bado watu wanafunika sakafu yenye maji wakitarajia maji yakome. Kabla hujanunua hata boksi moja, bandika kipande cha nailoni sakafuni, ukizibe kwa gundi pande zote nne, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, sakafu haiko tayari. Kwa nyumba mpya, nailoni nzito itandazwe chini ya jamvi kabla ya zege kumwagwa, na zege lipewe siku 28.

Unga ule mweupe ni chumvi. Chanzo kimojawapo ni mchanga wa ufukweni, ambao wengine huuona wa bure. Si wa bure. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Uchimbaji wa mchanga wa kujengea nao unahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Kwa hiyo muulize mwenye lori anakochimba, udai risiti.

Kuhusu aina za marumaru, seremiki hunyonya maji, ndiyo maana mafundi wetu huiloweka na kuibandika kwa rojo ya saruji. Posileni hunyonya chini ya asilimia 0.5, na rojo hiyo haiishiki vizuri. Inataka gundi yake maalumu, ipakwe yote kwa kisu chenye meno, si mabonge matano nyuma ya kipande. Wanaosema gundi ni mbinu ya maduka kuongeza bei ndio tunaowaona hapa masika yanayofuata. Acha pia nafasi ndogo kati ya sakafu na ukuta, ifunikwe na skatingi (ukanda wa chini ya ukuta), ili marumaru zipate pa kutanukia. Barazani na bafuni chagua zenye uso usiong'aa. Zinazong'aa huteleza, na wanaoanguka ni bibi na babu zetu.

Kwa wakazi wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo utaratibu ni mwingine, naomba usomwe kwa makini. Sakafu za ghorofani humo ni mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Ukiongeza zege na marumaru unazibebesha boriti uzito usio wake. Kwenye sakafu ya chini nako saruji huziba chokaa, unyevu ukapanda ukutani. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, jengo la kabla ya 1863 ni kumbukumbu inayolindwa, na la baadaye linaweza kutangazwa hivyo. Kulibadili bila kibali ni kosa la jinai, hata kama hati ya nyumba ina jina lako. Andika barua yenye picha za sakafu ilivyo sasa na maelezo ya unachotaka kuweka, uiwasilishe kwa wataalamu wa mambo ya kale, usubiri jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo si kibali, hata akiitoa mtumishi wa idara yetu. Sakafu ya chokaa iliyochakaa hutengenezwa kwa chokaa.

Kwa mwenye lalamiko: tunza risiti, boksi lenye namba ya uzalishaji, na kipande kilichobanduka kikiwa hakijasafishwa. Mgongo wa kipande ukiwa mtupu, hakikushika tangu mwanzo. Ukiwa umeng'oka na saruji ya sakafu, sakafu yenyewe ilikuwa dhaifu, na hapo kumdai muuza marumaru ni kupoteza nauli.