Jedwali mtambuka: asilimia ya nani?

Nimesikia tena mtu akisoma jedwali mtambuka kinyumenyume mbele ya watu, na hakuna aliyemsahihisha. Acha nilieleze.

Jedwali mtambuka linahesabu watu au vitu kwa sifa mbili kwa pamoja. Makundi ya sifa moja yanakaa kwenye safu mlalo, ya nyingine kwenye safu wima, na kila kisanduku kinabeba idadi ya wenye sifa zote mbili. Katika R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, kazi hiyo hufanywa na `table()` au `xtabs()`. Hapo hakuna ugumu.

Ugumu unaingia tunapogeuza hesabu kuwa asilimia. Litazame neno lenyewe: asili, mia. Wale tuliosoma sehemu kwa Kiswahili tulifundishwa kwamba namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Kwa hiyo asilimia ni sehemu ambayo asili yake imefanywa mia. Asili gani, basi? Jedwali mtambuka lina asili tatu: jumla ya mlalo, jumla ya wima na jumla kuu. Kisanduku kimoja hutoa asilimia tatu tofauti, zote sahihi, na kila moja inajibu swali lake.

R inakuja na data za abiria na wafanyakazi wa meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912, jumla watu 2,201. Andika `t <- margin.table(Titanic, c(1, 4))` upate madaraja dhidi ya kunusurika. Wafanyakazi walikuwa 885, wakanusurika 212. Daraja la kwanza walikuwa 325, wakanusurika 203. Ukiandika `prop.table(t, 2)`, R inagawanya kwa jumla ya wima, yaani manusura wote 711: wafanyakazi 29.8%, daraja la kwanza 28.6%. Anayesoma haraka atatangaza kwamba wafanyakazi ndio waliokuwa na bahati zaidi. Badilisha 2 iwe 1, asili iwe jumla ya mlalo: daraja la kwanza 62.5%, wafanyakazi 24.0%. Wafanyakazi ni wengi kati ya manusura kwa sababu walikuwa wengi melini, basi. Namba moja kwenye mabano imepindua habari nzima ya nani aliokoka.

Tena, `table()` huwaacha nje wasio na jibu bila kukuambia, hivyo asili inaweza kupungua usijue. Ongeza `useNA = "ifany"` uwaone.

Kiswahili chetu nacho kinadai umakini. "Asilimia 30 ya wafanyakazi walinusurika" na "asilimia 30 ya wafanyakazi walionusurika" zimetenganishwa na herufi moja, ile "o" ya urejeshi, na asili imehama: kwanza ni wafanyakazi wote, kisha ni wale waliookoka tu. Na hakuna kati ya hizo mbili inayosema kilichomo kwenye safu wima. Kinachofuata "ya" ndicho asili, kwa hiyo manusura ndio wakae pale: "Asilimia 29.8 ya walionusurika walikuwa wafanyakazi wa meli."