Na kahawa yangu, Mchungaji?

Katika miaka yangu ya uchungaji huku Kagera nimepokea maungamo mengi, na yapo niliyoyashughulikia vibaya. Moja linahusu butura. Kwa asiyetoka huku: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au punje changa mtini. Mwenye shamba kabanwa, ada ya mtoto au mgonjwa, anapewa pesa kidogo leo, na msimu ukifika mavuno si yake tena. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida hazingoji msimu.

Mnunuzi mmoja wa butura alijitokeza mbele siku ya mkutano wa injili, akalia mpaka kola ya shati ikalowa. Nikamwekea mikono, nikamtangazia msamaha, akina mama wakapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata mama mmoja mjane alinisubiri karibu na mlango wa sakristia. Akanisalimu kwa heshima zote, kisha akasema, "Tumefurahi sana ndugu yetu ameokoka. Na kahawa yangu, Mchungaji?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemtangazia mtu yule amani na Mungu bila kumwuliza swali hata moja kuhusu watu.

Neno lenyewe lingetosha kunizindua. Kutubu tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kurudi. Manabii wa Agano la Kale walitumia kitenzi cha Kiebrania shuv, kile kile anachosemewa mtu anayegeuka njiani na kurudi alikotoka. Kiyunani cha Agano Jipya kina metanoia, kugeuka kwa nia. Katika maneno hayo matatu, hakuna ambalo maana yake ya msingi ni kulia. Machozi yakija, yaje. Mimi mwenyewe nimelia. Ila sisi tumeyafanya kipimo, na asiyelia tunasema bado hajavunjika.

Sheria ya Musa ililitazama jambo hili kwa macho makavu. Hesabu 5 inasema aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kitu kizima, aongeze sehemu ya tano juu yake. Na kama aliyekosewa hayupo, wala hana jamaa wa karibu wa kupokea, malipo yaende kwa Bwana kupitia kuhani. Nampenda sana mwandishi wa mstari huo. Alijua kwamba siku moja atakuja mtu anayetaka kulipa na kukuta mdai wake kaburini.

Sasa mtazame Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, akiwa na sheria hiyo mkononi. Angeweza kusimama kwenye moja ya tano, maana ameungama kwa hiari. Yeye anasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Kondoo wanne kwa mmoja ilikuwa hukumu ya mwizi, Kutoka 22. Zakayo anajihukumu kama mwizi wa mifugo, mbele ya wageni, nyumbani kwake mwenyewe. Ila tuangalie mpangilio wa hadithi: Yesu alishaingia nyumbani. Alimwita akiwa bado juu ya mkuyu, hajarudisha hata senti. Zakayo hakulipa ili apokelewe. Alipokelewa, ndipo mkono uliozoea kushika ukafunguka. Sisi Walutheri tunaishikilia neema kwa mikono miwili, na tunafanya vema, lakini neema iliyoingia kwa Zakayo ilifika mpaka kwenye mkoba.

Mtu ataniambia Zakayo naye alisema "ikiwa." Ni kweli, na hapo ndipo penye somo kwangu, kwa sababu "kama" imekuwa ugonjwa wa makanisa yetu. Kabla ya Meza ya Bwana mtu anasimama: "Wapendwa, kama kuna niliyemkwaza, naomba anisamehe." Kila mtu anaitikia amina, na aliyekwazwa ameketi benchi la tatu akijua kabisa ni yeye, na anayesema anajua pia. "Ikiwa" ya Zakayo ilikuwa na mara nne nyuma yake. Ilifungua mlango kwa yeyote mwenye madai. "Kama" yetu inaufunga. Ndiyo maana siku hizi anayekuja kwangu na "kama" namwomba airudie sentensi bila neno hilo. "Nilikusema vibaya kwa shemeji yako." "Nilichukua zamu yako ya maji." Ni vigumu kuliko unavyodhani. Nimeona wanaume wazima wakikwama hapo, midomo inacheza, sauti haitoki.

Huku kwetu tuliwahi kuijua toba ya namna hiyo. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuvuka mpaka hadi kwa Wahaya, ulitambulika kwa watu kurudisha vitu. Walilipa madeni ya zamani, walirudisha vilivyoibwa, walikiri kwa majina. Bibi yangu alikuwa mmoja wa wandugu hao. Alinisimulia jinsi jirani alivyomletea jembe ambalo lilikuwa limekwisha kwa kulimiwa, limebaki kipande cha chuma cha upana wa kiganja, akaweka na jipya pembeni yake. Bibi alilitumia jipya. Lile lililoisha alilichomeka ukutani jikoni, na nililiona pale mpaka alipofariki. Uamsho nao ulikuwa na mapungufu yake, kukiri kukageuka maonyesho mahali pengine, lakini ulijua kwamba dhambi huwa na mwenyewe.

Tulichobaki nacho zaidi ni kutengwa na kurudi kundini. Sisemi nidhamu ya kanisa haifai. Ila tazama majina: binti aliyepata mimba, vijana waliooana bila ndoa ya kanisani. Sijaona mtu akitengwa kwa lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo ili mkulima apunjwe. Mwenye mizani iliyochezewa anapokea mkate na divai mwaka mzima. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari akawaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Kila mmoja alijibiwa kwa kazi yake.

Wanafunzi wa kipaimara hukariri katika Katekisimo Ndogo ya Luther, ya 1529, kwamba utu wa kale ndani yetu uzamishwe kila siku kwa majuto na toba. Kila siku. Tunaikariri tukiwa na miaka kumi na minne, kisha tunaisubiri semina ya uamsho. Toba ya kila siku ni ndogo na haina vigelegele. Kumwita mtoto uliyemchapa kwa hasira, ukae chini mpaka macho yenu yalingane, umwambie, "Mwanangu, nilikuonea." Kumlipa dada wa kazi mshahara wa mwezi uliopita bila kumfanya akukumbushe.

Nilimwendea yule mnunuzi nyumbani kwake. Nilianza na kosa langu, kwamba nilimwacha njiani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la butura. Majina, miti, kiasi alichotoa. Tulilipitia kurasa kwa kurasa mpaka taa ikahitaji mafuta. Wawili walikuwa wamekufa; mmoja ana watoto, mwingine hana mtu. Kwa wote hakuwa na uwezo kwa mara moja, akaamua kuuza pikipiki na kulipa kwa misimu mitatu. Yule asiye na mtu tulimwandikia jina kwenye mfuko wa wajane.

Kwa mama yule tulikwenda pamoja. Alitukaribisha, akatandika mkeka, akazipokea zile noti kwa mikono miwili. Akazihesabu polepole. Akazihesabu tena.

"Bado ya mwaka ule wa pili," akasema.

Ndugu yangu akalifungua daftari juu ya magoti yake na kuanza kutafuta ukurasa.