Gharama zisizo za moja kwa moja si fungu la ofisi

Kila msimu wa kuandika maombi ya ruzuku, mtu akikaa kwenye kikao cha kupanga bajeti hakosi kusikia: “Hiyo itupie kwenye gharama zisizo za moja kwa moja, si ni ya ofisi?” Inayotupiwa yaweza kuwa kodi ya pango, mshahara wa mhasibu, posho ya mwenyekiti, hata kompyuta mpya. Wasemaji si wageni wa kazi hii, wengine wameandika maandiko ya miradi miaka nenda miaka rudi. Lakini bajeti nyingi za vikundi na mashirika madogo huvurugikia hapo hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Gharama ya moja kwa moja ni ile unayoweza kuonyesha kwa ushahidi kwamba imetumika kwa mradi huu na kwa kiasi hiki. Isiyo ya moja kwa moja inahudumia shirika zima, au miradi kadhaa kwa pamoja, na kuichambua mradi kwa mradi ni usumbufu usiolipa.

Hakuna mahali ofisi ilipotajwa hapo, wala viongozi, wala utawala. Aina ya kitu haikutajwa kabisa. Kinachoangaliwa ni kama gharama inafuatilika hadi kwenye mradi, na ndiyo maana bidhaa ile ile, kutoka duka lile lile, inaweza kukaa upande mmoja leo na upande wa pili kesho. Chumba kilichopangwa kwa ajili ya mafunzo ya mradi pekee ni gharama ya moja kwa moja, ingawa ni kodi ya pango. Ukaguzi wa hesabu za shirika wa kila mwaka si wa moja kwa moja, lakini ukaguzi ambao mfadhili ameudai kwa ajili ya mradi wake ni wa moja kwa moja, hata kama mkaguzi ni yule yule na amekuja wiki ile ile. Mhasibu anayeshughulikia vitabu vyote kwa mpigo anaingia kwenye gharama za pamoja. Akianza kujaza fomu ya saa za kazi, akaonyesha saa ngapi alizifanyia mradi gani, sehemu hiyo ya mshahara wake inaweza kuombwa moja kwa moja, ilimradi gharama zote za aina hiyo zitendewe hivyo na shirika lisibadilishe utaratibu kwa kila mfadhili.

Wapo wanaotumia kipimo kingine: “Kama gharama ingekuwepo hata bila mradi, basi si ya moja kwa moja.” Kinasikika vizuri, na ndicho kinachonikera zaidi, kwa sababu hufundishwa kwenye warsha kana kwamba ndiyo maana yenyewe. Mratibu mwenye ajira ya kudumu angekuwepo bila mradi. Akitumia nusu ya muda wake kwenye mradi, na fomu zake zikaonyesha hivyo, nusu hiyo ya mshahara ni gharama ya moja kwa moja bila ubishi. Anayefuata kipimo kile anamwondoa mratibu kwenye mchanganuo wa bajeti, halafu analalamika kwamba ruzuku haitoshi kulipa watu.

Kosa la pili ni kuhesabu mara mbili. Kwenye mchanganuo unakuta mstari wa “mhasibu, robo ya mshahara”, kisha chini kabisa “gharama zisizo za moja kwa moja, asilimia 10”. Je, mhasibu yumo kwenye hiyo asilimia au hayumo? Kama yumo, ameombewa fedha mara mbili, na msomaji makini wa maombi ataliona hilo kabla hajafika kwenye maelezo ya walengwa. Chagua upande mmoja ubaki nao.

Halafu, asilimia ya nini? Watu wengi huchukua jumla ya fedha wanazotaka kuomba na kukata asilimia 10. Kwa kawaida asilimia hupigwa kwenye gharama za moja kwa moja. Tuseme hizo ni 2,000: asilimia 10 ni 200, na ombi lote ni 2,200. Ukitaka hiyo asilimia 10 iwe ya ombi zima, unafika 2,222. Tofauti ni ndogo, lakini ikishaonekana, hesabu nyingine zote nazo zinatiliwa shaka. Isitoshe, wafadhili wengine huondoa baadhi ya mistari kabla ya kupiga asilimia. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani ni mfano mzuri. Tangu Oktoba 2024, shirika lisilo na kiwango chake cha gharama zisizo za moja kwa moja kilichokubaliwa na serikali linaweza kudai hadi asilimia 15, badala ya 10 ya awali, na halidaiwi nyaraka za kuthibitisha kiwango hicho. Lakini kabla ya kupiga hesabu linaondoa vifaa vikubwa, kodi ya pango, gharama za washiriki wa mafunzo, na sehemu ya kila ruzuku ndogo iliyopelekwa kwa mshirika inayozidi dola 50,000 za kwanza. Anayesoma “asilimia 15” akaishia hapo anajikuta ameomba zaidi ya anachoruhusiwa. Kwa hiyo mwongozo wa mfadhili usomwe mpaka kwenye tanbihi.

Kutodaiwa nyaraka ndiko kulikozaa dhana ya “fungu la ofisi”. Watu wanaona mfadhili haulizi risiti ya kila kitu ndani ya asilimia ile, wanahitimisha kwamba ni fedha za kugawana. Si hivyo. Ile asilimia ni makadirio ya gharama halisi ambazo shirika linazibeba: umeme, intaneti, bima, mhasibu, ukaguzi, na kadhalika. Posho ya mwenyekiti inaweza kuwa halali kama katiba ya shirika na mfadhili wanairuhusu, lakini haipati uhalali kwa kufichwa kwenye mstari wa asilimia.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kuandika sifuri, wakidhani wanamfurahisha mfadhili kwa kujionyesha wabanaji. Umeme unalipwa vile vile. Analipa nani? Mara nyingi mkurugenzi kutoka mfukoni, au ruzuku nyingine ambayo haikutolewa kwa kazi hiyo, na hapo shirika limeshavunja mkataba wa watu wengine. Washauri wa mashirika yasiyo ya faida, Ann Goggins Gregory na Don Howard, waliueleza mwaka 2009 mzunguko wa njaa wa mashirika: wafadhili wanatarajia gharama ndogo kupita kiasi, mashirika yanapunguza kwenye karatasi ili yapendeze, na matarajio yanashuka tena. Sifuri yako inamwekea mwombaji wa mwaka ujao kipimo ambacho hata wewe hukukifikia.

Kwa hiyo mwenzako akisema kwenye kikao, “weka asilimia kumi ya ofisi”, huna haja ya kumkatisha mbele ya watu. Mwulize tu ni gharama gani alizozifikiria, na kama kuna yoyote ambayo tayari ina mstari wake hapo juu. Kisha andika “gharama za pamoja za shirika” kwenye ule mstari wa chini, na chini yake uzitaje kwa majina.